Tawi la Voi–Kahe: Miaka 110 ya Reli Iliyokatwa na Mpaka

*Kijitabu cha kumbukumbu kwa familia za Reli za Makongeni, Muthurwa na Landi Mawe, Nairobi*

Utangulizi

Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, reli iliyotoka Voi ilifika Kahe na kuungana na njia ya Tanga. Kuanzia hapo behewa lililopakiwa Nairobi liliweza kufika chini ya Kilimanjaro upande wa Moshi bila mzigo kushushwa. Mwaka huu wa 2026 ni miaka 110. Treni ya kuadhimishia haipo. Kati ya Voi na Taveta njia imelala, na sehemu nyingi nyasi zimeifunika.

Huenda mtu akauliza kwa nini historia ya tawi la nyika ya Taita iandikwe Eastlands, zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi. Jibu ni kwamba tawi lilikuwa Taita lakini amri zilikuwa Nairobi. Barua za uhamisho zilitoka hapa, mishahara ilipangwa hapa, na waliolitumikia walikuwa na wake, watoto na wazee katika nyumba za Reli za mitaa yetu. Mtoto wa Makongeni wa miaka ya 1960 alijua majina ya Mwatate, Bura, Maktau na Mbuyuni kabla hajajua majina ya mitaa ya Westlands, kwa sababu huko ndiko baba za wenzake walikopelekwa.

Ipo sababu nyingine, na hii ndiyo iliyotuharakisha. Mwaka 2025 wakazi wa Makongeni walianza kuhama kupisha mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Karatasi za kazi zilizokaa miaka mingi chini ya vitanda zimesambaa na wenyewe, mijini na mashambani. Tukisubiri miaka 120 itimie, hatutakuwa na wa kumuuliza.

Njia mbili zisizojuana, 1886–1914

Mpaka ulitangulia reli. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari uliotoka mdomo wa mto Umba pwani, ukafika Ziwa Jipe, kisha ukaupinda mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Mlima ukawa wa Wajerumani. Taveta, iliyo chini yake mashariki, ikabaki kwa Waingereza, na mojawapo ya sababu ni mikataba ambayo Harry Johnston alikuwa ameipata kwa wenyeji wa huko mwaka 1884.

Kila upande ukajenga reli yake kwa sababu zake. Wajerumani walianza Tanga mwaka 1893. Walikwenda mwendo wa kinyonga: Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18, na njiani kampuni ya kwanza iliishiwa fedha mpaka serikali ikaichukua kazi. Waingereza walianza yao, Reli ya Uganda, Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901.

Njia hizo hazikukutana popote, lakini zilifanana kwa jambo moja ambalo baadaye lilikuwa na uzito kuliko mikataba yote: zote mbili zilikuwa na upana wa mita moja kati ya reli na reli. Gurudumu la Tanga lingeweza kupita Nairobi. Hakuna aliyelipanga hivyo kwa ajili ya urafiki.

Hata kabla ya reli ya Tanga kufika Moshi, haja ilikuwa imeshajionyesha. Baadhi ya bidhaa za Moshi ya Wajerumani zilipitia Voi kwenye reli ya Waingereza, kisha zikavuka Taveta kwa magari ya ng'ombe na vichwa vya wapagazi. Biashara ilikuwa imeikubali njia ya Voi miaka mingi kabla ya chuma cha kwanza kutandikwa.

Reli ya vita, 1915–1916

Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka huko vikosi vidogo vilivuka nyika usiku, siku kadhaa bila maji ya kutosha, vikatega baruti kwenye reli ya Uganda na kurudi. Mashambulio hayo yalirudiwa mara nyingi, hasa mwaka 1915. Novemba 1914 Waingereza walikuwa wamejaribu kushusha jeshi Tanga kwa bahari na kushindwa vibaya. Ikabaki kuingia kwa nchi kavu, kupitia pengo lililo kati ya Kilimanjaro na milima ya Pare. Mlango wa pengo hilo ni Taveta.

Kilichowazuia kwanza ni kiu. Kutoka Bura kwenda magharibi ni nyika tupu; jeshi la maelfu pamoja na farasi na nyumbu haliwezi kukaa hapo wiki moja bila kuletewa maji. Ndipo Februari 1915 kampuni za reli za Jeshi la India zikaanza kutandika njia kutoka Voi. Juni mwaka huo reli ilifika Maktau, na maji yakavutwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura.

Hapo ikakwama. Tarehe 14 Julai shambulio la kuitwaa Mbuyuni lilishindwa, na kwa miezi sita Maktau ikawa ndio mwisho wa reli: kambi, mitaro, vumbi na homa. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na hapo, Luteni Wilbur Dartnell kutoka Australia aliuawa baada ya kukataa kuwaacha majeruhi wake. Alipewa Msalaba wa Victoria akiwa ameshakufa, na kaburi lake liko Voi. Askari wa Kihindi waliokufa mstari huo wana makaburi yao Maktau na Taveta. Anayesafiri leo kwa barabara huyapita bila kujua kwamba yalifuata reli.

Januari 1916 Mbuyuni ilitwaliwa na njia ikasogea tena. Tarehe 12 Februari wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, walipelekwa kukipanda kilima cha Salaita. Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani waliwafurusha. Waafrika Kusini zaidi ya 130 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliosimama kuwakinga wakati wa kurudi ni Wabaluchi wa Jeshi la India, watu ambao Waafrika Kusini hao hao walikuwa wakiwadharau kambini.

Mwezi Machi Jenerali Smuts, aliyekuwa akiliongoza jeshi la Waingereza, alizunguka kwa upande wa kaskazini. Taveta ikaachwa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 vilima vya Latema na Reata vikapiganiwa, siku chache baadaye Moshi ikaanguka, na tarehe 21 Machi zamu ikawa ya Kahe, ambako Wajerumani walilipua wenyewe mzinga mkubwa uliotolewa kwenye meli yao Königsberg kabla ya kurudi nyuma. Nyuma ya jeshi walikuja watu wa mataruma. Njia ikavuka mto Lumi, ikapita Taveta, ikavuka mpaka ambao wakati huo haukuwa na mlinzi, ikashikana na reli ya Tanga pale Kahe. Urefu wote kutoka Voi ni karibu kilomita 150.

Ikumbukwe kwamba tawi hili halikupimwa kwa ajili ya kahawa wala abiria. Lilijengwa haraka, likafuata kambi na maji. Wahandisi wa amani waliolirithi walikabidhiwa kazi ya askari, na kila aliyekuwa gangi Mbuyuni msimu wa mvua aliijua tofauti.

Mtaa wa Kariokor una deni hapa

Chuma kilibebwa na treni, lakini mbele ya mwisho wa reli kila kitu kilibebwa na watu. Kikosi cha Wapagazi, chini ya Oscar Watkins, kiliandikisha Waafrika kwa mamia ya maelfu katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wengi kwa kulazimishwa, na waliokufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, ni makumi ya maelfu. Depo yao ya Nairobi ilikuwa pale panapoitwa Kariokor hadi leo. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1928, kwenye barabara ya Kenyatta ya sasa, inamwonyesha pia mpagazi.

Historia za reli hupenda kuwataja wahandisi. Sisi tunaona kwamba waanzilishi wa tawi la Voi ni pamoja na hao waliolala Kariokor usiku mmoja au miwili kabla ya kupakiwa kwenye mabehewa kushuka Voi, na wengi wao hawakurudi kulipwa.

Kahawa ya nani, bandari ya nani? 1919–1947

Vita vilipoisha, Tanganyika ikawa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Ushirika wa Mataifa. Bendera zikawa moja pande zote mbili za Taveta, na mtu angedhani ugomvi umekwisha. Haukuisha. Serikali zilikuwa mbili, hazina mbili na reli mbili, na kila reli ilitaka mzigo.

Mzigo uliogombewa ulikuwa kahawa ya Kilimanjaro. Wachagga walikuwa wameanza kuilima kwa bidii. Chama chao cha wakulima kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaa chama cha ushirika cha KNCU. Tanga ilikuwa bandari ya Tanganyika, lakini meli zilitia nanga mbali na mizigo ilihamishwa kwa matishari. Kilindini, Mombasa, gati za maji ya kina zilikuwa zikijengwa katika miaka hiyo ya 1920. Kwa mfanyabiashara hesabu ilikuwa wazi: Moshi, Kahe, Taveta, Voi, Mombasa. Kwa watu wa reli ya Tanganyika kila gunia lililopita Taveta lilikuwa gunia walilonyang'anywa. Hata reli ya Moshi ilipopelekwa Arusha, ikafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, swali lilikuwa lile lile: tunaijenga kwa fedha zetu ili ikaitajirishe Mombasa?

Upande wa Kenya, Reli ya Uganda ikawa Reli ya Kenya na Uganda mwaka 1926. Iliongozwa na Christian Felling hadi mwaka 1928, kisha Godfrey Rhodes, kisha Reginald Robins. Kwao tawi la Voi lilikuwa mto mdogo unaoleta maji: katani ya Mwatate, katani ya Taveta, kahawa ya mlimani. Mashamba ya katani ya Taveta yaliendelezwa na Ewart Grogan, yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Wakazi wa Nairobi walimjua kwa barabara ya Grogan, sasa Kirinyaga. Jumba lake bado liko kilimani Taveta. Watu wa Taita na Taveta waliopoteza ardhi kwa mashamba hayo nao wana historia yao, ambayo kijitabu cha reli hakiwezi kuimaliza, lakini ni haki isemwe kwamba mabehewa yaliyojaa katani yalipita kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe.

Shirika moja, 1948–1976

Tarehe 1 Mei 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, likazaliwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Robins ndiye aliyelisimamia mwanzoni, akafuatiwa na Arthur Kirby mwaka 1953 na James Farquharson mwaka 1957. Kwa tawi la Voi hii ndiyo miaka iliyo bora, na sababu yake ni ya kiofisi zaidi kuliko ya kishujaa: ugomvi wa Mombasa na Tanga uligeuka kuwa hesabu ya ndani ya nyumba moja.

Njia ilikuwa moja tu, ya kwenda na kurudi. Treni haikuruhusiwa kuingia kipande cha njia mpaka stesheni ya mbele ikubali. Stesheni masta wa Maktau alipiga simu ya reli Mbuyuni. Mbuyuni akahakikisha njia yake haina kitu, akajibu. Maktau akaandika hati ya ruhusa, akaikabidhi kwa dereva mkononi. Bila hati hiyo dereva hakusogea hata kama angeiona njia tupu mpaka upeo wa macho. Kisha gadi akatoa ishara ya kijani, na mtu wa pointi akarudi kivulini. Utaratibu huo ulirudiwa stesheni kwa stesheni hadi Taveta, na kutoka Taveta kuendelea Kahe. Stesheni masta wa Taveta aliuliza upande wa Tanganyika na akajibiwa na mfanyakazi mwenzake, wa shirika moja, anayetumia kitabu kimoja cha kanuni. Msomaji aliweke jambo hili akilini. Tutalihitaji tukifika mwaka 1977.

Kati ya stesheni na stesheni walikuwa magangi. Kila asubuhi mtu mmoja alitembea sehemu yake yote na nyundo begani, akigonga viungo vilivyolegea kwenye mataruma ya chuma, akitazama kokoto zilizotawanywa na nyati au ndovu waliokesha relini. Sehemu ya njia ilipita ndani ya mbuga ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948, na mtembea reli huyo hakuwa na bunduki. Nyapara alisikiliza taarifa yake ndipo kundi likapangiwa kazi. Sisi tuliozaliwa mijini tulifundishwa kuwastaajabia madereva. Wazee wa Reli wenyewe walimheshimu zaidi huyo wa nyundo.

Uhamisho haukuuliza. Mtu aliyeajiriwa Nairobi alipewa pasi, akapanda treni ya jioni ya Mombasa, akashuka Voi alfajiri na sanduku lake, akangoja treni ya tawi. Mke na watoto mara nyingi walibaki chumba kimoja Makongeni kwa sababu ya shule. Likizo ilipofika pasi ya Reli iliwapeleka wote shamba, Magharibi, Nyanza au Ukambani, bila nauli. Hiyo ndiyo iliyowafanya majirani wa Kaloleni na Shauri Moyo, wasio wa Reli, kutuonea wivu, na tukubali kwamba tuliringa.

Kazi ilikuwa na uchungu wake pia. Novemba 1959 wafanyakazi wa reli Kenya waligoma. Mwaka uliofuata wenzao wa Tanganyika, wakiongozwa na katibu wao Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Shirika moja lilimaanisha pia kwamba habari za mgomo zilisafiri kwa treni.

Mwaka 1963 kikakamilika kipande kilicholipa tawi la Voi umuhimu ambao halikuwahi kuwa nao: njia ya Mnyusi hadi Ruvu, iliyoiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Tangu hapo tawi la Voi likawa kiungo cha reli zote za Afrika Mashariki. Behewa liliweza kutoka Kampala, likapita Nairobi, likashuka Voi, Taveta, Kahe, Korogwe, likafika Dar es Salaam, au likageuzwa magharibi hadi Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika. Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata uhuru kati ya mwaka 1961 na 1963, na kwa kipindi hicho kifupi reli ilikuwa imetangulia siasa katika umoja.

Anayetaka kuona alama ya enzi hiyo aende Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Pale liko garimoshi la daraja la 59, mojawapo ya 34 yaliyoletwa mwaka 1955 na 1956, yaliyokuwa makubwa kuliko yote duniani kwa njia ya mita moja. Yalivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi na kupita Voi bila kukunja kona ya Taveta, kwa kuwa tawi lisingebeba uzito wao. Kila moja lilipewa jina la mlima. Bamba la hili la makumbusho linasema Mount Gelai. Gelai iko Tanzania.

Mwaka 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, na bandari zikatengwa na reli, makao makuu ya bandari yakaenda Dar es Salaam. Ndani ya miaka michache nyufa zilionekana. Fedha zilizokusanywa katika nchi moja zilichelewa kufika makao makuu Nairobi, au hazikufika kabisa. Idi Amin alipochukua Uganda mwaka 1971, viongozi wa nchi tatu hawakukaa tena meza moja. Mwaka 1976 reli ya TAZARA ya kwenda Zambia ilikabidhiwa rasmi, na macho ya Tanzania yakaelekea huko. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja lilisimama na Kenya ikaunda lake. Tarehe 4 Februari Tanzania ikaufunga mpaka.

Magazeti yaliandika habari za ndege na magari ya watalii yaliyozuiwa Arusha. Tawi la Voi halikupata kichwa cha habari. Lakini turudi kwenye chumba cha stesheni masta wa Taveta. Njia ilikuwa nzima. Reli hazikung'olewa, daraja la Lumi halikuvunjwa, garimoshi lilikuwa na mafuta. Kilichokosekana ni jibu la simu. Hakukuwa na mtu upande wa pili mwenye mamlaka ya kusema kipande chake ni kitupu, na bila jibu hilo kanuni haikuruhusu treni isogee. Reli ya kilomita 150 ikakatika kwa kukosa neno moja la ruhusa.

Ilipofika tarehe 30 Juni bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na Jumuiya ikaisha. Kilichokuwa Kenya kikabaki Kenya, kilichokuwa Tanzania kikabaki Tanzania: magarimoshi, mabehewa, vipuri, hata faili. Watu pia. Wakenya waliokuwa Moshi, Tabora na Dar walirudi. Watanzania waliokuwa wakiishi katika nyumba za Reli za Nairobi walifungasha. Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi mwaka 1978, na upande wa pili likawapo Shirika la Reli la Tanzania.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1886 | Mpaka wachorwa. Taveta yabaki upande wa Waingereza |
| 1893 | Ujenzi wa reli ya Tanga waanza |
| 1896 | Ujenzi wa reli ya Uganda waanza Mombasa |
| 1911 | Reli ya Tanga yafika Moshi |
| Februari 1915 | Reli ya vita yaanza Voi |
| Juni 1915 | Reli yafika Maktau |
| 1916 | Yapita Taveta, yaungana na njia ya Tanga Kahe |
| 1926 | Reli ya Uganda yawa Reli ya Kenya na Uganda |
| 1 Mei 1948 | Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki |
| 1963 | Kiungo cha Mnyusi–Ruvu. Voi yaunganishwa na Reli ya Kati |
| 4 Februari 1977 | Mpaka wafungwa |
| 1978 | Shirika la Reli la Kenya |
| Novemba 1983 | Mpaka wafunguliwa |
| 1984 | Mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya |
| 2000 | Mkataba wa Jumuiya mpya waanza kutumika |
| 2006–2017 | Mkataba wa Rift Valley Railways |
| 2017 | Reli ya SGR yafunguliwa, stesheni mpya Voi |
| 2019–2020 | Treni za Tanzania zarudi Moshi, kisha Arusha |

Mpaka wafunguliwa, shirika halirudi, 1983–2006

Watu husema tawi la Voi liliuawa mwaka 1977. Sisi tunaona neno hilo ni nusu ya ukweli. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mwaka uliofuata nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali, baada ya upatanishi mrefu wa Victor Umbricht kutoka Uswisi. Kama kikwazo kingekuwa ni lango la Taveta peke yake, reli ingerudi pale lango lilipofunguliwa.

Haikurudi kwa nguvu yake kwa sababu kile kilichoitegemeza hakikugawanyika. Mali ziligawanywa, ratiba moja haikuweza kugawanywa. Sasa behewa la Kenya likiingia Tanzania lilikuwa na kodi, hesabu ya siku za kukaa na hofu ya kutorudi. Mzigo uliokuwa ukihitaji hati moja ukahitaji hati za mashirika mawili. Na ndani ya miaka zaidi ya sita ya kufungwa, wafanyabiashara walikuwa wameshazoea njia nyingine.

Tawi liliendelea kwa kukokota miguu. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria kati ya Voi na Taveta bado ilikuwapo, ya polepole na ya bei ambayo mama wa sokoni aliimudu. Soko la Taveta, Jumatano na Jumamosi, lilivuta wauzaji kutoka Tanzania na wanunuzi kutoka Mwatate na Voi, na ndizi zake zilishuka hadi Mombasa. Barabara kati ya Mwatate na Taveta ilikuwa ya udongo, na mvua iliponyesha malori yalizama. Hiyo ndiyo iliyoipa treni miaka yake ya mwisho. Lori halikulishinda garimoshi kwa ubora. Lilishinda kwa kuwa halikuhitaji mtu wa upande wa pili kukubali kwa simu.

Kuanzia 2006 hadi leo

Mwaka 2006 uendeshaji wa reli za Kenya na Uganda ulipewa kampuni ya Rift Valley Railways, na mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Nguvu yote iliwekwa kwenye njia kuu. Tawi la Voi halikufufuka. Mali kadhaa za Shirika, zikiwamo nyumba za Makongeni na Muthurwa, zilihamishiwa mfuko wa pensheni za wafanyakazi, na ndipo wengi wetu tulipoanza kuzoea barua za mawakili.

Barabara ya Voi–Taveta imewekwa lami katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulioendelea hadi Holili na Arusha. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilizinduliwa: maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kwa lori, kile ambacho shirika la mwaka 1948 liliifanyia treni hatimaye kimepatikana.

Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ya SGR ilifunguliwa, na Voi ikapata stesheni mpya. Upana wake si wa mita moja, kwa hiyo behewa lake haliwezi kuingia tawi la zamani. Upande wa Tanzania mambo yamekwenda kinyume: Shirika la Reli la Tanzania lilifufua njia ile ile ya zamani, likarudisha treni za mizigo mwaka 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi Desemba mwaka huo, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Treni hiyo hupita Kahe. Kutoka Kahe hadi Taveta ni mwendo mfupi wa reli, na mazungumzo ya kuifufua njia nzima yamefanywa na serikali mbili zaidi ya mara moja.

Katika toleo hili tumeacha kurasa mbili wazi kabla ya jalada la nyuma. Ni za orodha ya waliofanya kazi kwenye tawi, kwa nyadhifa: stesheni masta, gadi, dereva, faiameni, mtu wa pointi, nyapara, mtembea reli. Wenye kitambulisho cha kazi, barua ya uhamisho, pasi ya likizo au picha ya stesheni yoyote kati ya Voi na Kahe wanaombwa wailete inakiliwe na kurudishwa, hasa za miaka ya 1974 hadi 1984, ambazo tunazo chache mno. Waliohama Makongeni waache namba ya simu kwa jirani aliyebaki.